Risasi Isiyo na Mlio

Kabla hajanyamaza, mtoto yule alikuwa anasema mpaka wageni wanaaga mapema. Ndiyo maana wakamwita Kasuku. Hajafikisha hata miaka miwili, alikwishajua kusema "lete," "sitaki" na "mama anashona," na siku moja alimtangazia mgeni wa heshima kwamba baba akilala anakoroma kama gari bovu. Hayo maneno "gari bovu" aliyatoa wapi, baba yake aliuliza mara mbili, na mama yake mara zote mbili alijifanya anatafuta mkasi.

Mama Kasuku alikuwa fundi wa mapazia. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya spana. Waliishi chumba kimoja kwa miaka sita, na walipopata nyumba ya Mwalimu waliona Mungu amewakumbuka. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali mekundu, vyumba viwili na sebule, na madirisha marefu ya mbao, yale ya kupandisha na kushusha. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe upya. Mama Kasuku aliweka cherehani yake chini ya dirisha kubwa la sebuleni ili apate mwanga, na pembeni akaweka kigoda cha mtoto.

Mwenye nyumba walimwita Mwalimu, hivyo tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, na nusu ya mtaa ule ilijifunza kusoma mbele ya fimbo yake. Wanaume wenye mvi wakimwona anakuja na mwavuli wake walificha sigara nyuma ya mgongo. Fundi bomba naye alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya kukabidhiwa funguo, Mwalimu alimshika bega akamwambia, "Wewe hesabu zilikushinda, lakini ulikuwa na adabu. Nyumba nawapa kwa adabu yako." Fundi bomba akarudi nyumbani ametunisha kifua kama aliyepewa cheo.

Kila asubuhi Mama Kasuku alipandisha lile dirisha. Mbao ilikwaruzana na mbao, na vumbi jepesi likadondoka kwenye kizingiti, jeupe juu, manjano kwa mbali. Alilipangusa kwa kitambaa kikavu, likaruka, likatua kwingine. Kasuku alipanda kigoda chake, akaweka kidevu kwenye kizingiti na kuwapa wapita njia majina. Mdomo wake ulikuwa palepale kwenye mbao kutwa nzima. Mama yake alikuwa akigeuka anamwona ametulia, anashukuru, anaendelea kushona.

Ilipita miezi minane hivi kabla mambo hayajaanza kuharibika, tena kidogo kidogo. Mtoto akaanza kulalamika tumbo. Choo kikawa kigumu, chakula akawa anakisukuma, usoni akapauka. Alikasirika bila sababu, akajitupa chini, kisha akalala mchana kutwa. Mama mkwe alipokuja alitazama tumbo la mjukuu akasema, "Hii ni minyoo tu. Baba yake naye alikuwa hivihivi." Wakampa dawa ya minyoo. Zahanati wakampa dawa ya kuongeza damu. Wakampa tena ya minyoo.

Na maneno yakawa yanapungua kama sukari kwenye kopo ambalo hujui nani anachota. Kwanza yalikwenda majina ya wapita njia. Kisha "mama anashona" ikawa "mama shona," ikawa "mama," na mwisho mtoto akitaka kitu akawa ananyoosha kidole na kulia. Watu walimfariji Mama Kasuku kwa mambo ambayo watu husema. Wengine huchelewa. Wengine husema mapema wakapumzika. Yeye alikuwa anaitikia, lakini moyoni alijua kwamba mtu hachelewi mahali ambapo alikwishafika.

Safari ya nne zahanati ikawapeleka hospitali, na huko wakakutana na daktari mmoja msichana, mdogo kiasi kwamba fundi bomba alimwuliza daktari yuko wapi. Huyo hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza mtoto anacheza wapi, baba anafanya kazi gani, nyumba ni ya lini.

"Anakula vitu visivyoliwa? Udongo, chokaa, rangi?"

"Hapana," akasema Mama Kasuku. Halafu akasema, "Kuna dirisha hivi. Anapenda kuweka mdomo."

Daktari akamtoa mtoto damu, na baada ya siku kadhaa akawaita. Akafunga mlango kwanza.

"Mtoto ana risasi mwilini."

Mama Kasuku akamgeuza Kasuku, akamfunua mgongo, akamtazama mbavu. "Daktari, huyu hajapigwa na mtu. Muda wote niko naye."

"Si risasi ya bunduki, mama. Madini ya risasi. Zamani yalikuwa yanachanganywa kwenye rangi za nyumba. Rangi ikizeeka inabanduka, inakuwa vumbi. Na ina utamu fulani, mtoto akilamba mara moja atarudi. Inaingia kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo. Kwa mtoto wa umri huu hakuna kiasi ambacho tunaweza kusema hiki hakidhuru. Na wa kwenu anacho kingi."

"Maneno yatarudi?" akauliza fundi bomba.

Daktari alitazama karatasi yake, ingawa jibu halikuwa pale. "Tutampa dawa ya kuivuta itoke. Ale vizuri, maziwa, mboga za majani, maharage. Na asirudi kwenye nyumba ile. Mengine tutaona."

"Nimeuliza maneno."

"Baadhi yanaweza kurudi. Siwezi kuahidi yote, baba. Ingekuwa uongo."

Walilazwa wiki tatu. Fundi bomba alihamisha vitanda na vyombo kwenda kwa dada yake, na hospitali ikaandika barua kwa idara ya afya, idara ikamtuma mtu akapime nyumba. Mtaani walimwita Bwana Afya. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kazi na begi la vifaa, na Mama Kasuku alimfuata nyumbani siku hiyo kumfungulia mlango, mtoto akiwa amebaki na baba yake wodini.

Bwana Afya alisimama sebuleni muda mrefu bila kufungua begi. Kisha akapiga goti kwenye dirisha, akakwangua kidogo. Chini ya nyeupe ikatokea manjano, chini ya manjano kijani. Kwenye ukingo wa kizingiti, upande wa ndani, kulikuwa na alama ndogondogo zilizopangana. Mama Kasuku aliinama akaziona. Zilikuwa za meno. Alizipapasa kwa kidole, na Bwana Afya akamwambia kwa upole akaoshe mikono.

Aliporudi, yule bwana alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mtoto, magoti yamefika kifuani.

"Mama, nilipofika hapa leo nimejiuliza macho yananidanganya au vipi. Nyumba hii nimewahi kuja. Miaka minne iliyopita."

"Kupima nini?"

"Hiki hiki. Kulikuwa na mtoto wa kike hapa, miaka minne, damu yake ilikutwa hivi hivi. Tulipima madirisha yote. Nikaandika ripoti, nikampa mwenye nyumba mkononi. Yang'olewe, ukuta ukwanguliwe ukiwa umeloweshwa, mtoto mdogo asikae humu." Akavua kofia. "Akaniambia nyumba ataifunga, hataingia mtu. Nikamwamini. Alinifundisha darasa la nne."

Siku iliyofuata alimletea nakala hospitali. Hakuulizwa, alileta mwenyewe, kwa aibu, akaiweka juu ya kitanda kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Ilikuwa kurasa mbili. Mwishoni kulikuwa na sahihi ya Mwalimu, na juu ya sahihi, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, herufi zote zimelala upande mmoja, alikuwa ameandika: *Nimesoma na kuelewa.*

Mama Kasuku alisoma maneno yale matatu mara nyingi kuliko kurasa zote. Hakulia. Alijishangaa kwamba halii. Kitu fulani kilikuwa kimekaa kifuani, baridi na kizito, na alipokitazama vizuri aliona ni nia.

Mumewe hakuamini. "Mwalimu? Mwalimu hawezi. Labda alisahau."

"Hapo pameandikwa alielewa."

"Mama Kasuku, nitamwuliza. Ni mtu mzima, ana maelezo."

Alikwenda na kofia mkononi, akarudi na kofia mkononi. Mkewe aliuliza amesema nini. Fundi bomba alizunguka, akataja rangi mpya, akataja kwamba nyumba ile watu wamezaliwa humo na kukulia humo. Mkewe akamngoja amalize kuzunguka.

"Amesema," akasema mwisho, akitazama sakafu, "mtoto anayeangaliwa halambi madirisha."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Hakumjibu kitu. Na lililo baya zaidi, mkewe aliona usoni mwake kwamba lile neno halikupita hivihivi. Lilipata pa kukaa. Kwa siku mbili alimwona akimtazama, halafu akitazama pembeni. Siku ya tatu alimwambia, "Kama unadhani ni mimi, sema." Fundi bomba akashika kichwa kwa mikono miwili akasema hajui anadhani nini. Lakini Mama Kasuku hakuwa na hasira na mumewe. Hasira aliyokuwa nayo alikuwa ameitunzia mtu mmoja, na hakutaka kuimwagamwaga.

Alifikiria kuichoma nyumba ile. Alilifikiria hilo kwa utulivu, kama anavyofikiria pazia: mafuta kiasi gani, aanzie wapi. Akaliacha, si kwa hofu, bali kwa sababu aliona mwisho wake. Watu wangemwonea Mwalimu huruma. Wangemchangia, na nyumba ingejengwa mpya. Alifikiria mahakama, na hiyo aliifuata. Bwana Afya alimwonyesha njia, akapeleka karatasi zake. Lakini mahakama ina mwendo wake, na inachoweza kuchukua ni mali. Yeye hakuwa amenyang'anywa mali.

Siku waliyokwenda kuchukua vitu vya mwisho, walikuta Mwalimu amesimama mlangoni na kijana mmoja na mkewe. Ndoo ya rangi nyeupe ilikuwa hapo chini. Mke wa yule kijana alikuwa na mimba ya miezi saba au minane, ameweka mkono kiunoni, anatabasamu, anatazama dirisha kubwa.

"Mwanga mzuri," alikuwa anasema.

Mama Kasuku alimpita Mwalimu kama anapita nguzo, akamshika yule dada mkono, akampeleka barabarani. Akamwonyesha karatasi ya damu ya Kasuku. Akamweleza kwa maneno machache. Yule dada alimwita mumewe kwa jina la nyumbani, na wakaondoka bila kuaga. Mwalimu akabaki na ndoo yake.

"Unaniharibia jina," akasema.

"Bado," akasema Mama Kasuku.

Mtu ukitaka kumwumiza, sharti ujue anapenda nini. Mwalimu alipenda vitu viwili: heshima yake na mjukuu wake. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka minane, mtoto wa binti yake wa pekee, na kila Jumamosi alimfundisha barazani kwake pamoja na watoto wengine wa masomo ya ziada. Majirani walikumbuka kwamba binti huyo na mwanawe waliwahi kukaa kwenye nyumba ile. Miaka minane kutoa minne. Hesabu hiyo hata fundi bomba angeiweza. Mtoto aliyetajwa kwenye ripoti bila jina alikuwa huyo.

Kwa hiyo Mwalimu alijua. Alimtoa wa kwake ndani ya moto, akafunga mlango vizuri, akapaka rangi, akangoja kidogo, akamwingiza wa mwenzake.

Mama Kasuku alidhani binti naye alijua. Alikwenda kumtafuta kwenye duka la dawa alikokuwa anauza, akiwa amejiandaa kumchukia. Akangoja wateja waishe, akaweka ripoti juu ya kioo.

"Dada, mimi ndiye niliyehamia baada yako. Nimekuja kukuuliza swali moja. Ulipotoka kwenye nyumba ile, kwa nini hukusema?"

Binti alisoma. Alisoma kama mtu wa dawa, haraka, kidole kikishuka pembeni. Kikafika mahali kikasimama.

"Mtoto wa kike, miaka minne," akasema. "Huyu ni nani?"

Hapo ndipo Mama Kasuku alipoelewa kwamba binti hakuwahi kuambiwa.

"Nilikuwa kazini siku hizo," akasema binti, polepole, kama anayesoma kitu kilicho mbali. "Baba ndiye alimpeleka hospitali. Akaniambia ni upungufu wa damu. Akaniambia tuhame, paa linataka kuanguka." Akarudi ukurasa wa kwanza. "Mtoto alipoanza shule akawa hashiki kitu. Unamfundisha herufi asubuhi, jioni imetoka. Baba akasema ni uzito wa kichwa, tena akasema umetoka ukoo wa mume wangu. Alisema mbele ya wakwe. Kwenu wapo wengi, alisema, mimi nimewafundisha."

"Na mumeo?"

"Aliondoka. Mtu atavumilia kutukanwa ukoo mpaka lini?"

Mteja akaingia, akataka dawa ya kikohozi. Binti akamhudumia, akamrudishia chenji, akamwambia vijiko viwili kutwa mara tatu. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na Mama Kasuku, aliyejua sauti ya namna hiyo inatoka wapi, akaona kwamba mkono wake umepata mwenzake.

"Nipe siku chache nifikirie," akasema binti mteja alipotoka. "Ni baba yangu."

Hapa angeweza kumwacha. Alikuwa na haki ya kumpa karatasi, na karatasi amekwishampa. Mwanamke yule alihitaji kukaa peke yake, alie, amwite mama mdogo au rafiki, apate namna ya kumwendea mzee wake kwa siri. Mama Kasuku aliyaona yote hayo. Akasema:

"Jumamosi anamfundisha mwanao, sivyo? Jumamosi saa kumi wazazi wanakuja kuchukua watoto. Nenda saa hiyo. Ukimwuliza mkiwa wawili, atakupa paa lingine."

Binti akaikunja ripoti mara mbili. "Utakuja?"

"Nitakuja."

Jumamosi ile fundi bomba alimkuta mkewe anavaa nguo ya kutokea. Akauliza wanakwenda wapi. Alipoambiwa, alikaa kwenye kitanda, akakaa, kisha akavaa viatu. Kasuku wakamwacha kwa shangazi yake.

Baraza la Mwalimu lilikuwa na ubao mweusi na mabenchi mawili. Watoto kumi hivi walikuwa wanamalizia imla. Wazazi sita au saba walikuwa wamesimama uani, kwa adabu, kama watu walio kanisani au msikitini. Mjukuu alikuwa mbele kabisa, daftari limejaa kalamu nyekundu, na Mwalimu alikuwa amemwinamia na rula.

"Akili unayo," alikuwa anamwambia. "Ila wewe ni mvivu. Mvivu wa kufikiri. Andika tena."

Binti akapanda ngazi. Hakusalimia. Akaweka karatasi juu ya daftari la mwanawe.

"Baba, tusomee hii."

Mwalimu akaitambua kabla hajaigusa. Aliwatazama wazazi uani, akamwona Mama Kasuku, akamwona fundi bomba nyuma yake.

"Haya ni mambo ya nyumbani," akasema. "Watoto, mmemaliza, nendeni."

"Watoto wakae. Tusomee, Baba. Wewe ndiye mwalimu."

"Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Basi nitasoma mimi." Akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyofika uani, vituo vyote mahali pake, maana alifundishwa na baba yake. Madirisha yote manne. Rangi ya manjano na ya kijani. Mtoto wa kike, miaka minne. Asiendelee kukaa humu, wala mtoto mwingine yeyote. Alipofika chini akamgeuzia karatasi. "Hapa pana mwandiko wako. Pasome wewe."

Mwalimu akaipokea. Mdomo ulikuwa unacheza lakini hautoi kitu. Mama Kasuku aliutazama ule mdomo. Alikuwa ameuona hivyo hivyo kwenye uso mdogo, asubuhi nyingi, unatafuta neno lililokuwepo jana. Akahisi utamu umemshuka kooni mpaka tumboni, na hakujilaumu.

"Nimesoma na kuelewa," akasema binti kwa niaba yake.

Mzazi mmoja uani akamwita mtoto wake kwa upole. Mwingine naye. Walikuja wakachukua watoto wao mmoja mmoja, wakapita mbele ya Mwalimu, na hakuna aliyempa shikamoo. Fundi bomba alikuwa wa mwisho. Alipanda ngazi mbili akasimama.

"Uliniambia mtoto anayeangaliwa halambi madirisha," akasema. "Mke wangu alikuwa anamwangalia, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa unajua cha kuangalia." Akashuka, akaenda kusimama karibu na mkewe, bega kwa bega, na hilo lilikuwa ombi lake la msamaha, na mkewe alilipokea hapo hapo.

Ndipo yule mjukuu, ambaye kila mtu alikuwa amemsahau, alipoinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Babu," akauliza, "kwa hiyo mimi si mvivu?"

Mama yake alimbeba, msichana mkubwa wa miaka minane, miguu inaning'inia, akaondoka naye bila mabegi wala daftari. Mwalimu alimwita mara moja kwa jina la utani la utotoni. Mtoto aligeuza shingo, mama hakugeuka.

Katika yote aliyoyafanya, hilo tu ndilo lililomsumbua Mama Kasuku baadaye. Alikuwa amejua kwamba mtoto atakuwepo. Alikuwa amejua atasikia. Aliichagua siku ile akijua, na mtoto wa mwenzake akawa ndiyo fimbo aliyompigia Mwalimu. Alimwambia binti hivyo, wiki kadhaa baadaye, dukani. Binti akafunga dawa aliyokuwa anafunga, akasema, "Alikuwa anaitwa mvivu kila Jumamosi. Afadhali amesikia." Lakini hakusema amemsamehe, na Mama Kasuku hakumwomba.

Binti ndiye aliyesimama mahakamani kueleza kwamba baba yake alijua. Baada ya hapo hakukuwa na la kubishana sana. Madirisha yaling'olewa, yakafungwa kwenye nailoni, yakapelekwa yanakopelekwa, na nyumba ikabaki na matundu manne yaliyozibwa kwa mbao na tangazo la idara mlangoni. Watoto wa masomo ya ziada hawakurudi. Wanaume wenye mvi waliendelea kuvuta sigara zao Mwalimu akipita, mkono palepale, moshi ukimfuata. Inasemekana alikuwa anakwenda hadi kona ya shule ya mjukuu wake wakati wa kutoka, akasimama chini ya mwavuli upande wa pili wa barabara. Mjukuu alikuwa amehamishwa shule.

Kasuku alianza kupata nafuu. Walipanga nyumba ndogo ya simenti tupu, isiyo na rangi hata tone, na Mama Kasuku alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kila siku kama mtu anayeswali. Mikono ya mtoto ilioshwa kabla ya kila kijiko. Kipimo cha damu kilishuka, kikashuka tena. Rangi ya uso ilirudi, tumbo likatulia, na asubuhi moja alisema "lete," bila kusema lete nini. Baba yake akamletea kila kilichokuwa ndani, moja moja, mpaka spana. Yalirudi maneno kumi, kumi na mbili. Wenzake wa rika lake walikuwa tayari wanasimulia hadithi. Daktari yule msichana aliyaandika yote kumi na mawili kwenye faili, akasema aje baada ya miezi mitatu.

Watu wa kutoa mawaidha walimwuliza Mama Kasuku kama kisasi kimemletea amani, wakingoja aseme hapana. Alisema kimemletea kiasi. Alisema amani nyingine iko kwa mtoto, na mtoto hawezi kuieleza.

Mwaka ulikuwa unaelekea kuisha Mwalimu alipokuja. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, cherehani inakwenda, pazia la bluu limejaa mapajani. Alisimama mlangoni bila mwavuli. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilikuwa imegeuka upande.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

Mama Kasuku aliendelea mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Si mimi uliyenikosea zaidi. Huyo hapo. Mwombe yeye."

Kasuku alikuwa mkekani, anapanga vifungo vya nguo vya mama yake kwa rangi. Mwalimu aliinama kwa shida, akapiga goti. Akaanza kusema. Alisema maneno mazuri, ya mtu aliyefundisha miaka thelathini na saba: kwamba aliogopa aibu, kwamba alijidanganya rangi mpya itatosha, kwamba kila siku anaamka na jambo lile. Kasuku alimtazama usoni kwa makini, kama anavyotazama kila kitu kinachotoa sauti. Kisha akachukua kifungo chekundu, akakiweka na vyekundu vingine.

Mwalimu akainua macho.

"Hajakusamehe, wala hajakukatalia," akasema Mama Kasuku. "Hajaelewa ulichomwambia. Mwakani uje tena ujaribu. Na mwaka wa pili, na wa tatu. Siku atakapoelewa, atakujibu mwenyewe."

"Mimi ni mzee, mama."

"Najua," akasema Mama Kasuku, akaingiza uzi mpya kwenye sindano.

Mzee alijiinua kwa kushika mlango, akatoka. Mama Kasuku alimsikia akishuka ngazi moja moja, akasimama, akashuka tena. Pazia lilikuwa la mteja wa saa sita, na bado lilitaka pindo la chini. Aliligeuza, akaweka mguu kwenye kanyagio, akaendelea na kazi.